Naombeni ushauri: saa za asubuhi baada ya kustaafu zinanishinda

MHASIBU WA ZAMANI (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimestaafu miezi saba iliyopita baada ya miaka 34 ya uhasibu. Afya ni nzuri, watoto wanajitegemea, pensheni inaingia bila usumbufu. Nalitanguliza hilo ili tusipoteze muda kwenye mambo ya fedha. Shida yangu iko kwingine, na naona haya hata kuieleza.

Shida ni asubuhi. Mwili hauna habari kwamba nimestaafu. Saa kumi na moja alfajiri macho yako wazi, bila kengele. Zamani saa hiyo ilikuwa na mbio zake: kuoga, kupiga pasi shati, kutafuta kalamu, kuwahi usafiri. Sasa naoga, navaa, hata viatu navipiga rangi, halafu nakaa ukingoni mwa kitanda nikijiuliza nimevivalia nini. Ikifika saa mbili nimemaliza kila nilichokuwa nacho. Kuanzia hapo hadi saa sita mchana sijui pa kujiweka.

Mke wangu ni mtu wa subira. Miezi ya mwanzo nilimfuata kila chumba alichoingia. Nilimpangia upya sufuria kabatini, nikamwonyesha njia ya haraka ya kukunja mashuka, nikafungua na daftari la matumizi ya sabuni. Wiki mbili zilizopita akaniambia kwa upole, "Baba watoto, nyumba hii nimeiendesha miaka yote hiyo na haikuanguka." Hakugomba. Ila nilielewa kwamba nimekuwa nikimbana. Tangu siku hiyo najizuia kumfuata, na ndipo nilipoujua ukimya wa nyumba mchana.

Juzi nilikaa sebuleni nikautazama mraba wa jua unaoingia dirishani. Saa mbili na nusu ulikuwa kwenye mguu wa meza, saa nne ulikuwa umeshafika kwenye rafu ya vitabu. Nyumba hii nimeishi miaka mingi na sikuwahi kuuona, maana saa hizo sikuwa nashinda nyumbani. Ulikuwa mzuri sana. Nikageuka nimwambie mtu, hakuna mtu. Machozi yakanilengalenga, mtu mzima mimi.

Mliotangulia, asubuhi zenu mnazipitishaje? Naomba msiniambie nifurahie mapumziko, hilo nimeambiwa na kila mtu. Nataka kitu chenyewe: ikifika saa tatu unakuwa wapi, na mikono yako imeshika nini?

Nawasilisha.

MWALIMU MSTAAFU

Pole mkuu, na usione haya hata kidogo. Nilifundisha historia, kwa hiyo niruhusu nianzie mbali kidogo. Huku kustaafu kwa umri maalumu na kulipwa ukiwa nyumbani ni jambo changa sana. Ujerumani ilipitisha sheria yake ya pensheni ya uzee mwaka 1889, enzi za Kansela Otto von Bismarck, na umri uliowekwa ulikuwa miaka 70. Ulishushwa hadi 65 mwaka 1916. Kabla ya hapo watu wengi walifanya kazi mpaka nguvu zikawaishia. Ndiyo maana hukurithi mfano wowote wa namna ya kukaa saa tatu asubuhi ukiwa mzima wa afya na huna pa kwenda. Vizazi vilivyojaribu jambo hili ni vichache mno.

Kilichonitesa mimi ni siku kufanana. Nilifika mahali naamka sijui leo ni Jumanne au Alhamisi. Nikakumbuka kwamba majina ya siku zetu yana namba ndani yake: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, na kuendelea hadi Jumatano. Hata Alhamisi imetokana na tano ya Kiarabu, kwa hiyo wiki yetu ina tano mbili! Siku zimeshahesabiwa, kazi yangu ikawa kuipa kila moja shughuli yake, isiyofanyika siku nyingine yoyote. Jumatatu naandika barua. Nina rafiki mmoja tulioanza kazi pamoja, naye hujibu. Jumatano ni maktaba. Ijumaa asubuhi nasafisha na kupanga upya rafu moja ya vitabu, moja tu, hata kama nyingine zinanililia. Siku nyingine nimeziacha wazi kwa makusudi.

Wiki ya kwanza niliona ni mchezo wa kitoto. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa naamka Jumatano nikiwa na haraka. Haraka kidogo tu, lakini nilikuwa nimeikosa.

MPAMBANAJI

Shikamoo mzee. Mimi bado kijana ila nitasema ninachokiona. Miaka 34 ya uhasibu ni mtaji. Fungua ofisi ya ushauri wa mahesabu, chukua wateja watano tu, asubuhi zako zitajaa ndani ya mwezi mmoja.

MHASIBU WA ZAMANI (mleta uzi)

Marahaba kijana wangu, na asante kwa kuniona bado nina kitu cha kutoa. Nililiwaza hilo sana. Ila nikichukua wateja leo nitakuwa nimeikimbia asubuhi yangu, na siku nitakapoziacha hizo hesabu kwa sababu ya macho au uzee nitaikuta palepale nilipoiacha. Nataka kwanza nijifunze kukaa nayo. Baadaye, kumsaidia jirani vitabu vyake siku moja kwa wiki bila malipo, hilo nalipenda.

NESI MSTAAFU

Kaka, kuamka saa kumi na moja si ugonjwa. Umri unavyosogea, saa ya mwili nayo hujisogeza: usingizi unakuja mapema na kuondoka mapema. Nataka nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Hizo saa huwa hujilazi? Nimewaona wengi. Mtu anajilaza saa nne "kidogo tu", anaamka saa sita, usiku anagaagaa, asubuhi anaamka mchovu, na saa nne kitanda kinamwita tena. Baada ya muda anadhani anaumwa. Kama ni lazima ulale mchana, iwe dakika 20 au 30, na isiwe jioni.

Halafu toka nje. Mwanga wa mchana ndio unaoiongoza saa ya mwili, na anayeshinda ndani huichanganya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Mhasibu utagawanya mwenyewe; nusu saa mara tano inatosha kuanzia. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini kuimba huwezi. Waliofikisha miaka 65 huongezewa mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa ajili ya kujikinga na kuanguka. Usingoje ufike huko. Simama nyuma ya kiti kizito, shika mgongo wake, inua mguu mmoja, hesabu hadi kumi, badilisha. Mimi hufanya hivyo huku nasubiri maji yachemke.

Na maji yenyewe unywe. Kiu hupungua nguvu na umri, kwa hiyo mwili unaweza kuwa mkavu bila kukuambia. Isipokuwa kama daktari amekupimia kiasi, hapo mfuate yeye.

La mwisho, na hili nalisema kwa sababu nimekaa na wagonjwa wengi. Yale machozi ya siku moja mbele ya jua, mimi hayanitishi. Ila ukiona wiki mbili zinapita hupati raha ya kitu chochote, hamu ya kula imepotea, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakuja, usiandike hapa. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

MKE WA MSTAAFU

Kaka, niruhusu nisemee upande wa mkeo.

Mume wangu alipostaafu nililia bafuni, na hajui hadi leo. Nampenda. Lakini zile saa za asubuhi zilikuwa zangu miaka yote. Nilikuwa na redio yangu, mpangilio wangu, hata namna yangu ya kuongea peke yangu. Ghafla kuna mtu amesimama mlangoni ananiuliza kwa nini nafagia kuanzia upande ule. Kila swali lake lilikuwa dogo na la heshima, lakini yakawa maswali arobaini kwa siku.

Kilichotuokoa ni mambo mawili. Tulikubaliana kwamba hadi saa nne kila mtu na lake, na saa nne tunakutana. Popote nilipo naacha, naye anaacha, tunakaa pamoja. Amini usiamini, kwa sababu tunaachana tangu asubuhi, tukikutana tuna la kusimuliana. La pili, alichukua kazi mbili za nyumba zikawa zake kabisa. Simaanishi kunisaidia. Mtu anayesaidia bado anakuuliza sabuni iko wapi. Alichukua pasi na mimea. Mashati ya mwanzo yalitoka na mikunjo mipya, na mmea mmoja alioupenda mama yangu ulikufa kwa kuzidishiwa maji. Niliuma ulimi. Ilikuwa vigumu kuliko unavyofikiri, lakini ningesema neno moja angenirudishia pasi na kurudi mlangoni.

Lile daftari la sabuni, kaka yangu, lifunge.

MGANE

Nimesoma mara mbili, nimerudi kwenye ile sehemu ya jua. Umeandika kwamba uligeuka ukakuta hakuna mtu. Mkeo alikuwa chumba cha pili.

Wangu ametangulia, huu ni mwaka wa tatu. Nina mtu wa kuzungumza naye barabarani asubuhi, nina paka, nina watoto wanaopiga simu kila jioni, na nashukuru. Lakini vitu vidogo vya namna hiyo, ndege aliyetua dirishani, wingu lenye umbo fulani, hivyo havisimuliki kwa simu. Vinataka mtu aliye umbali wa sauti.

Kesho mwite. Dakika mbili tu. Usimweleze kitu, usimfundishe kitu. Mwonyeshe.

MPIMA ARDHI

Nimepima ardhi maisha yangu yote, kwa hiyo huo mraba wa jua umenigusa. Mkuu, ukiukuta saa nne leo kwenye rafu, baada ya wiki kadhaa saa nne ileile hautakuwa hapo. Njia ya jua angani huhama mwaka mzima, hadi upeo wa kaskazini karibu na tarehe 21 Juni, kisha hadi upeo wa kusini karibu na tarehe 21 Desemba, halafu linarudi. Karibu na tarehe hizo mbili utaliona kama limesimama, alama zinarundikana mahali pamoja. Karibu na Machi 20 na Septemba 22 au 23, linakimbia kuliko wakati mwingine wowote.

Chukua penseli. Kila Jumapili saa nne kamili, weka alama ndogo kwenye pembe ya mraba na uandike tarehe. Saa yako iwe sahihi na usisogeze rafu. Kazi yenyewe haizidi dakika moja, ila inadai uwepo hapo kwa wakati, na inadai mwaka mzima. Mtu wa vitabu vya hesabu ataipenda.

MHASIBU WA ZAMANI (mleta uzi)

Wakuu, zimepita wiki sita. Nimekuja kutoa mrejesho, maana mlinipa muda wenu.

Nesi, ulinikamata. Nilikuwa najilaza, tena si kidogo. Nimeacha. Siku nne za kwanza zilikuwa ngumu, nilikuwa nasinzia nimekaa. Sasa saa kumi na mbili na nusu natoka, natembea nusu saa, na kuna mzee mmoja tunakutana kwenye kona ileile. Majina bado hatujaulizana. Wiki iliyopita sikutoka siku mbili kwa sababu ya mvua, na siku ya tatu aliniambia, "Nilidhani unaumwa." Nilitembea na neno hilo siku nzima. Miezi saba hakuna aliyekuwa amenihesabu kuwa sipo.

Mwalimu, nimeipa Jumanne barua na Alhamisi mahesabu ya jirani. Nyingine bado zinanichanganya.

Dada uliyesemea upande wa mke wangu, nimechukua pasi. Daftari la sabuni nimelichana kurasa zilizoandikwa, kurasa zilizobaki nimezifanyia kazi ile ya mpima ardhi. Nilikuwa na alama tano hadi wiki iliyopita, zote za Jumapili, zote saa nne kamili, nimetumia rula.

Bwana wangu uliyefiwa, kesho yake ile nilimwita. Alikuja akiwa na kitambaa mkononi, akasimama, akatazama, hakusema kitu. Akarudi kwenye shughuli zake. Nikadhani nimemsumbua. Siku iliyofuata, saa nne kasorobo, nikamsikia anavuta kiti sebuleni. Tangu hapo huja karibu kila siku. Mara nyingine tunaongea, mara nyingine hatuongei, na jua likishavuka rafu anainuka.

Jumapili hii nilichelewa kutoka kwa jirani. Nilipofika saa nne ilikuwa imepita, na alama ya sita ilikuwa imeshawekwa, tarehe imeandikwa kwa mwandiko wake. Hakutumia rula. Imekaa upande kidogo, nami nimeiacha vivyo hivyo.