Kiangazi hiki tukataze kumwagilia ukoka kwa maji ya bomba, au kila mtu na mita yake?

Mleta mada (Shangani, Mtwara)

Wakuu habari za leo. Juzi kwenye kikao cha mtaa liliibuka jambo nikajua ni la dakika mbili, likala saa nzima na watu wakatoka wamenuniana. Jamaa mmoja alisema kwa vile maji kipindi hiki yanakuja kwa mgao, tukubaliane mpaka mvua zirudi hakuna kumwagilia ukoka kwa maji ya bomba, mboga ruksa, miche ruksa, ukoka hapana. Wenye ukoka wakaja juu, maji nanunua mimi, uniti zinasoma kwenye mita yangu, wewe inakuwasha nini? Mwenyekiti akaona isiwe tabu, akaahirisha.

Mie msimamo wangu nautoa mapema, nipo na wanaokataza. Na simsemi mtu maana ukoka nilikuwa nao, mita kumi kwa kumi mbele ya nyumba, masika ulikuwa kapeti kabisa watoto wanabiringika. Ilipofika Julai kusi linapiga, na mchanga wetu huu mnaujua, unamwaga ndoo, ukigeuka tu pameshakauka. Siku moja nikakaa nikapiga hesabu. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka ili ubaki kijani kwenye jua hili tuseme unataka milimita 5 kwa siku, kwa mita za mraba 100 hizo ni lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20 kila siku ya Mungu, mwezi ukiisha ni uniti 15, uniti moja ikiwa lita 1,000. Nyumba yangu ina watu sita, kupika, kuoga, kufua, vyote hatufiki hapo! Kumbe mtu wa saba nyumbani alikuwa amelala nje na anakunywa kuliko wote sita.

Mnasemaje?

Wa Chuno

Mkuu hesabu nzuri ila umeipeleka kwa mtu asiyehusika. Pale karibu na kwetu bomba lilipasuka, siku nne maji yanatembea barabarani mpaka bata wakahamia, hakuna kikao kilichoitishwa. Leo mtu ana kipande chake cha ukoka kinazuia vumbi lisiingie ndani na watoto wanacheza hapo badala ya kwenda barabarani, ndio imekuwa kesi ya mtaa.

Halafu mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo, hiyo ni kazi ya halmashauri. Na atakayepita kukagua ni nani, mgambo achungulie ukuta wa mtu saa kumi na mbili asubuhi? Mnapenda mifano ya nje, haya, Nevada kule Marekani ambako ni jangwa kweli sio hadithi, walipitisha sheria 2021 kwamba kufika 2027 nyasi zisizo na kazi zisimwagiliwe kwa maji ya mto Colorado. Lakini walianza na nyasi za pembezoni mwa barabara na mbele ya maofisi, nyasi za nyumba za familia sheria hiyo haikuzigusa. Nyie mnataka kuanzia chumbani kwangu.

Mzee wa Newala

Wanangu mnanichekesha. Njooni huku juu muone watu wanaobishana kuhusu maji. Sisi tupo juu ya uwanda wa Makonde, maji yapo bondeni, yanasukumwa kwa mashine kutoka Mitema kupanda mpaka huku. Mama zetu walikuwa wanashuka bondeni usiku na kupanda na mtungi kichwani, na ukijikwaa mlimani umerudi sifuri. Katika maisha hayo nani angemwagia nyasi?

Lakini msidhani nyumba zilikuwa mbaya. Uwanja wa bibi yangu ulikuwa mchanga mtupu, unafagiliwa alfajiri mpaka unaona mistari ya ufagio, asubuhi ukikuta alama ya nyoka imekata ile mistari unajua kabisa kaingilia wapi. Kivuli ni mkorosho na mwembe. Mkorosho hakuna aliyekuwa anaumwagilia, mizizi inakwenda chini mbali, na unachanua kiangazi hikihiki ambacho ukoka wenu unalia.

Na bati mnaziacha bure. Bati la mita za mraba 60, mvua ikinyesha milimita 100 tu, ni lita 6,000 zimepita juu ya kichwa chako. Hata kama robo imepotea bado unajaza simtenki la lita elfu nne na chenji inabaki.

Wa Mikindani

Mimi nauza miche kwahiyo nisikilizeni japo mtasema navutia kwangu. Watu wanakuja wananiambia nipe mti usiotaka maji. Hakuna kitu kama hicho!! Mwarobaini, bogenvilia, mkonge, shubiri, vyote vinavumilia kiangazi lakini vikishashika. Mwaka wa kwanza lazima uvilee. Kosa kubwa ni mtu anapanda Agosti sababu kapata hela Agosti, mche unakufa anasema nimemuuzia uongo. Panda mvua zinapoanza, Desemba huko, mpaka mvua zinakata Aprili Mei mizizi imeshajua njia.

Jingine, funika udongo, kwenye mchanga huu hilo linasaidia kuliko mti wenyewe. Changanya samadi kwanza, halafu juu tandaza makumbi ya nazi au nyasi kavu, nene kama kiganja, ila acha nafasi shinani lisioze. Kuna mteja wangu aliona makumbi ni ushamba akaenda kubeba maganda ya korosho, yale ya juu magumu, akayatandaza kwa mikono mitupu. Yale yana mafuta yanayounguza jamani, vidole vilibabuka wiki nzima akawa analishwa na mkewe. Na wanaopanda mnyaa kuwa fensi, ni kweli hauombi maji kabisa, ila ule utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali, wenye watoto wadogo achaneni nao.

Wa Chuno

Miche sawa nimekuelewa. Ila swali langu mmelikwepa, mleta mada yeye baada ya kung'oa ukoka kaweka nini? Maana nimepita kwake.

Mleta mada

Hahaa nilijua tu mtu atanifukunyua.

Haya nakiri. Niliweka kokoto. Nilinunua lori zima, nikamwaga mbele yote, nikajiona mjanja. Mchana wa kwanza wa jua kali mama watoto akatoka peku kuanika nguo, akarudi anaruka kama anacheza sindimba. Joto likawa linapanda ukutani mpaka saa nne usiku sebule inachemka, feni ikawa haizimwi, nilichookoa kwenye maji nikakilipa kwenye luku ya umeme. Kwahiyo Wa Chuno kwenye suala la joto na vumbi una haki yako, nimeshindwa hapo.

Mwaka huu nimeondoa nusu ya kokoto, nimeacha njia ya kupita tu. Nina miarobaini miwili, bogenvilia ukutani, chini makumbi. Maji ya kusuuzia nguo yanakwenda kwenye miti, yale ya kwanza yenye povu la sabuni ya unga namwaga pembeni maana yana chumvi chumvi na shina liliwahi kuungua majani. Bomba sifungui kabisa kwa ajili ya nje.

Ila kwenye kukataza bado sijahama. Cape Town, Afrika Kusini, kwenye ukame wa mwaka 2018 walifika mahali pa kuwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu mmoja kwa siku, na kumwagilia bustani kwa maji ya manispaa marufuku, majumbani humohumo, sio barabarani tu kama Nevada yako. Lita 500 zangu za ukoka zingekuwa za watu kumi kule. Hela nilikuwa nalipa ndio, lakini siku ya mgao tanki langu likijaa na la jirani wa mwisho wa laini likabaki linatoa upepo, hela yangu haimfikii yeye.

La bomba lililopasuka ni kweli ni aibu na mimi nitalisema. Kikao ni Jumamosi saa kumi, Wa Chuno usikose, na ile picha ya bata uje nayo.

Wa Chuno

Nakuja. Na ukoka wangu sing'oi.