Shangi, Unica au marando? Shamba lina chumvi kidogo

Nahodha_Nchikavu: Asalaam aleikum wanajamvi. Dalali amenishikia magunia mawili ya mbegu ya mbatata aina ya Shangi hadi Ijumaa. Aina ya Unica naweza kuagiza. Au niache mbatata kabisa, nitie marando ya viazi vitamu? Udongo una chumvi kidogo.

BintiKongowea: Kidogo kiasi gani? Shamba liko wapi? Maji watoa wapi? Watu mwauliza kama tuna ramli.

Mzee_wa_Minazi: Marando, bwana. Mbatata ni wa baridi, viazi vyake hujaa udongo ukiwa wa nyuzi 15 hadi 20. Hapa kwetu hata saa nane za usiku shuka latupwa. Utapata majani ya kupendeza, ukichimba ni gololi.

Kipimo: Kwa joto sawa mzee, lakini kwa chumvi marando hayamwokoi. Majedwali ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, yanasema mbatata huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1.7 kwa mita (ndicho kipimo cha chumvi), na kila moja inayoongezeka hukata kama asilimia 12. Kiazi kitamu huanza kwenye 1.5, hukata 11. Hapo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Nahodha_Nchikavu: Mwakirunge, Mombasa, robo ekari, mikoko naiona kutoka shambani. Maji ya kisima. Chai yake yaonjeka chumvi.

BintiKongowea: Na hiyo ndiyo "kidogo"!

MamaKarai: Mwanangu, ngoja nikwambie yangu. Nilipanda Shangi nyuma ya Bamburi, maji ya kisima vilevile. Muuza mbegu aliniapia hii yavumilia chumvi. Wiki tatu za kwanza nilikuwa napiga picha natumia madada zangu. Kisha ncha za majani zikaanza kukauka, rangi ya kahawia pembeni kote kama zimeguswa na pasi. Mimi nikadhani kiu, nikaongeza maji, tena mchana, tena juu ya majani. Asubuhi naona udongo una utando mweupe kama unga wa mhogo. Ajabu ni kwamba udongo umelowa na mmea umenyauka! Siku ya kuvuna baba watoto alikuja na magunia. Tukarudi nayo matupu, mbatata zote zaingia kikapu cha sokoni, na kubwa yake yai la kuku. Hata kukaanga karai nilinunua nyingine.

Kipimo: Pole mama. Chumvi huyashika maji, mizizi ikashindwa kuyavuta hata yakiwepo. Sodiamu iliyo ndani ya chumvi nayo huizuia potasiamu isiingie kwenye mmea, na kiazi bila potasiamu hakijai. Maji hayo yakigusa majani huyaunguza moja kwa moja. Ndiyo maana ya kupitisha mipira ya matone chini.

Mzee_wa_Minazi: Atie jasi (gypsum).

Kipimo: Jasi husaidia sodiamu ikishaushika udongo wa mfinyanzi. Kwenye mchanga kinachotakiwa ni maji matamu ya kuosha na mahali pa kutokea. Karibu na mikoko maji ya chini yako juu, waosha leo, kesho chumvi yapanda tena.

Mtoto_wa_Likoni: Waholanzi kisiwani Texel wamejaribu mbatata kwa maji yaliyotiwa ya bahari, na zingine zikazaa. Msimkatishe tamaa. Achukue Unica, ya kituo cha viazi cha Lima, yavumilia joto kuliko Shangi.

Mzee_wa_Minazi: Texel wana jua la Mwakirunge?

BintiKongowea: Swali la kijinga: mbatata za shamba la chumvi huwa zimekolea?

MamaKarai: Zingekolea ningefaidi hata hilo.

Kipimo: Nahodha, ungeniuliza mimi, ningepanda bitiruti. Hiyo hufika desisimensi 4 kabla ya kulalamika.

MamaKarai: Bitiruti nani atamuuzia, mwanangu? Hapa watu wataka viazi.

Nahodha_Nchikavu: Dalali amepiga. Asema Shangi zimeshaanza kuchipua, nisipochukua leo atampa mwingine. Kuna mwenye kile kidude cha kupima chumvi ya maji aniazime?

Mtoto_wa_Likoni: Ninacho. Vuka uje.

Nahodha_Nchikavu: Foleni ya feri ikoje saa hii?

Mtoto_wa_Likoni: Usije na gari.