Ushauri: mdogo wangu anapigwa kila mbalamwezi, tuanzie wapi hapa Mwanza?

Mama Dagaa (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Wale wa "mambo ya watu wawili usiyaingilie" nawaomba leo mnipishe.

Nina mdogo wangu wa tumbo moja, anaishi Igombe na mwanaume mvuvi wa dagaa. Wana watoto wawili, mkubwa ana miaka minne, mdogo bado ananyonya. Mahari haijawahi kufika kwetu, zilikuja ahadi na kreti za soda basi. Ni mwaka wa sita wanaishi pamoja, mtaani anaitwa mke wa fulani, na mwenyekiti anawajua hivyo.

Wanaoijua kazi ya dagaa watanielewa. Giza likiwepo wanaume wako ziwani na kambini, mbalamwezi ikija wanarudi nyumbani kupumzika. Wake wengine hizo ndizo siku zao za kusuka nywele na kupika samaki mkubwa. Mdogo wangu ndizo siku zake za kipigo. Jamaa anarudi na hela, anakunywa, anaanza kuuliza nani alikuwa anaingia humu. Juzi usiku amemvunja kidole, halafu akamlazimisha, mtoto akiwa kitanda hichohicho. Hilo la pili amenong'ona tu, hata mama hajui.

Mjomba anataka kikao, jamaa atozwe mbuzi yaishe. Mama yuko Nansio, anasema avumilie watoto wakue. Mimi nauza soko la Mwaloni Kirumba, napanga chumba kimoja Kitangiri na wanangu, na huyo bwana anapajua.

Tuanzie wapi? Polisi, ustawi wa jamii au yale mashirika? Watoto atanyang'anywa? Na kiwanja wamejenga vyumba viwili, nusu ya mabati ni hela yake ya kuanika dagaa, lakini anaambiwa "hujaolewa wewe, utatoka na khanga zako".

Kijana wa Igoma

Pole dada. Ila mwanamke anayekaa miaka sita bila mahari alitegemea heshima gani? Kaeni na wazee mmalize. Polisi mtamfunga baba wa watoto, ugali ataleta nani?

Nesi wa Zamu

Mama Dagaa, huyo tutamrudia. Umesema juzi usiku, kwa hiyo soma hii kisha ufunge meza yako uende.

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zile tunaita PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Akianza anameza siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina muda wake, mwisho saa 120, mapema ndiyo bora. Wanawake wengi wanasubiri kikao cha ukoo kiishe ndipo waje hospitali. Kikao kinaweza kungoja wiki, saa 72 hazingoji.

Mpeleke Sekou Toure, ndiyo hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Asijieleze mbele ya foleni. Aseme tu "nimefanyiwa ukatili, naomba faragha", na aombe kumwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, yaani daktari, polisi na ustawi wa jamii anawapata sehemu moja, hahitaji kurudia hadithi mara tatu.

PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inatolewa polisi, bure, na daktari ndiye anaijaza. Ni ya muhimu sana kwa kesi, lakini matibabu ya dharura hayasubiri PF3. Akiambiwa "nenda kalete kwanza" na muda unakwisha, omba kuonana na daktari wa zamu.

Kama hajaoga, asioge. Nguo za usiku ule aziweke kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, siyo mfuko wa nailoni, unyevu unaharibu ushahidi. Kama ameshaoga na kufua, aende vilevile. Na amwambie daktari yote mawili, kidole na lile alilokunong'oneza. Lisipoandikwa kwenye faili, mwakani mahakamani itakuwa kama halikutokea.

Mama Dagaa

Mungu akubariki. Nimemwachia jirani meza, nampitia sasa hivi.

Sheria Mtaani

Mimi ni msaidizi wa kisheria, huwa nakaa na kina mama wenye kesi kama hii. Nianze na kijana wa Igoma kwa sababu wengi mnafikiri hivyo.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Haijasema "isipokuwa mahari haijalipwa". Kifungu cha 160 kinasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawaona ni mume na mke, inachukuliwa kuwa wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Na hata akithibitisha, mwanamke bado anaweza kuomba mahakama matunzo yake na ya watoto. Kwa hiyo hayo maneno ya khanga ni ya kumtisha tu.

Nyumba: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Huyu ana zaidi ya hapo, ana hela ya mabati. Atafute risiti, meseji za kutuma pesa, jina la fundi. Watoto: aliye chini ya miaka saba sheria inaanza kwa kudhani ni heri akae na mama yake, ingawa mahakama inaweza kuona tofauti. Kadi za kliniki zenye jina la baba azitunze, ndizo zitakazombana kwenye matunzo.

Sasa jambo chungu. Kanuni yetu ya Adhabu, baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inahesabu kuwa mume amembaka mkewe pale tu wanapokuwa wametengana. Msishangae polisi wakiandika shambulio la kudhuru mwili peke yake. Binafsi naona ni pengo baya. Lakini asiache kulisema kwenye maelezo yake, maana linaonyesha ukatili, na ukatili unahesabika siku ya kuomba talaka.

Na tusichanganye milango. Kipigo ni jinai, kinakwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kwenu njiani ni Kirumba. Kuachana kunaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, mara nyingi baraza la kata au la dini yenu, ndipo mahakama. Mtu akikurudisha kwenye baraza na kidole kimevunjika, mwambie kwa adabu kuwa baraza halipokei mifupa.

Mzee wa Karabai

Nimevua dagaa tangu enzi za karabai kabla hizi taa za sola. Binti zangu, mbalamwezi hii itakwisha, na huyo bwana akiingia giza hatalala nyumbani. Mambo ya kuhama yafanyeni hapo, mchana, amekwenda ziwani. Watu wanang'ang'ania kuondoka usiku wa ugomvi, ndipo wanapoumizwa vibaya zaidi. Mwanamume wa namna hii akijua anaachwa ndiyo anakuwa mbaya.

Ila msiseme neno mwaloni. Habari inafika kambini kwa simu kabla hujapanda daladala. Mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, msimwamini haraka, huenda ni rafiki yake wa kijiweni.

Andikeni jina la mtumbwi, jina la tajiri wake na kambi anayolala. Polisi wataandika "hajulikani alipo" na faili litalala. Mvuvi hapotei, anajulikana kwa mtumbwi wake.

Mjomba naye mwambieni mbuzi ni wa mahari. Mfupa hauna bei ya mbuzi.

Binti wa Ziwa

Mimi yalinikuta, sitaeleza. Kituo kimoja cha polisi, sikitaji, waliniambia "rudini mkayamalize". Nilirudi na msaidizi wa kisheria, yule yule askari akachukua kalamu. Kwa hiyo msiende peke yenu.

Swali ambalo hamjalijibu ni atalala wapi. Kitangiri anapajua, Nansio ndiko atakakokwenda kumtafuta wa kwanza. Nyumba salama huendi kupiga hodi, na hata ilipo hawakutangazii. Anayekuunganisha ni afisa ustawi wa jamii au Dawati, na watoto unaingia nao. Mwombeni leoleo akiwa hospitali, msisubiri siku ya kufukuzwa. Ikishindikana, tafuta ndugu au mtu wa kanisani ambaye shemeji hajawahi kula kwake.

Shirika la Kivulini wako hapahapa Mwanza tangu 1999, kazi yao ni kupinga ukatili majumbani, watawasikiliza na kuwaelekeza. WoteSawa nao ni wetu lakini wao ni wa wafanyakazi wa nyumbani, msipoteze nauli. Kwa mtoto yeyote aliye hatarini, 116 ni bure. Akija kuvunja mlango, 112.

Simu: abadili namba ya siri, na ya M-Pesa pia. Vyeti, kadi za kliniki, risiti za mabati na nguo mbili za watoto vikae kwako kidogokidogo. Begi zima likitoka siku moja, jirani atauliza.

Kijana wa Igoma

Sawa, hilo la kifungu cha 160 nilikuwa silijui. Ila bado nauliza ugali.

Sheria Mtaani

Ni swali la haki. Matunzo ya watoto yanaombwa, na ustawi wa jamii ndio mlango wa kwanza. Mvuvi ana kipato cha giza kwa giza, kwa hiyo mseme hivyo, akubali kiasi kila akirudi, siyo tarehe za mshahara. Na huyo dada anaanika dagaa, hakuwa akilishwa bure.

Mama Dagaa

Tumerudi. Dawa amepata, ameanza kumeza palepale. Kidole kimefungwa. Kirumba tulimkuta askari wa kike, alimsikiliza bila kumkatiza, PF3 imejazwa. Afisa ustawi wa jamii kasema Jumatatu atatupa jibu la mahali pa kulala.

Tatizo jipya: mdogo wangu anasema hataki afungwe, anataka tu asipigwe. Na leo anataka kurudi Igombe, watoto wamebaki kwa jirani na yule bwana bado yupo. Nimejikuta nampandishia sauti.

Binti wa Ziwa

Ukimgombeza atakuwa na watu wawili wa kuwaogopa. Nami nilirudi kabla ya kuondoka kabisa, wengi tunarudi. Wafuateni watoto wewe na mama mmoja mtu mzima wa mtaa, mseme mtoto anaumwa, walale kwako au kwa huyo mama hadi Jumatatu. Akikataa kabisa, mpeane neno la siri. Akikutumia "dagaa wamepanda bei", wewe unapiga 112, humpigii yeye kwanza.

Sheria Mtaani

Na ajue kesi ya jinai ni ya Jamhuri, yeye ni shahidi. Hajafunga mtu. Maelezo yakishaandikwa yanabaki, hata akirudi leo. Akiitwa kusaini karatasi ya kuyafuta nyumbani kwa mjomba, asisaini chochote kabla hajaongea na Dawati.

Mama Dagaa

Amekubali kulala kwa yule mama. Watoto tunawafuata sasa. Nesi, vidonge vikionekana itakuwaje?

Nesi wa Zamu

Vikae kwenye kichupa cha vidonge vya kuongeza damu, mama anayenyonyesha hakuna atakayemshangaa. Ameze saa ileile kila siku, weka alamu kwenye simu yako wewe umkumbushe. Kichefuchefu siku za mwanzo ni kawaida, asiache, na akitapika mara tu baada ya kumeza mrudi kuuliza. Kupima ni baada ya wiki sita, halafu tena miezi mitatu. Napigia mstari hapo, kwenye miezi mitatu ndipo watu wengi huacha kuja.