Naomba ushauri: Roland RD-88 au Yamaha CP88?

Ndugu wanamuziki, salaam kutoka Malindi.

Kwa miaka sita nimepiga kinanda chenye vibonyezo 61 vyepesi katika harusi za taarabu na, mwishoni mwa wiki, hotelini, ambako wageni hupenda piano tulivu. Sasa natafuta piano ya kidijitali ya jukwaani yenye vibonyezo 88 vizito.

Nilizijaribu zote mbili Mombasa kwa nusu saa hivi. RD-88, yenye mtambo wa vibonyezo uitwao PHA-4, ina kile kikwazo kidogo ambacho kidole hukihisi ukibonyeza polepole, kama piano ya nyuzi, na uso wa vibonyezo vyake hautelezi, jambo lisilo dogo kwetu tunaopiga huku jasho likichuruzika. CP88, ambayo vibonyezo vyake vyeupe ni vya mbao, ilinitii zaidi nilipopiga kwa sauti ya chini, lakini ina kilo 18.6 dhidi ya 13.5, nami husafiri kwa tuktuk.

Katika zote mbili nilibadilisha mpangilio wa mguso, yaani jinsi sauti inavyoitikia nguvu ya kidole; sauti ilibadilika, ila uzito chini ya kidole ulibaki uleule, na pale ninaporudia noti moja harakaharaka, kama taarabu inavyodai, baadhi ya noti zilimezwa.

Je, kasoro hiyo huisha kwa mazoezi, au ni mtambo wenyewe usiorudi juu kwa wakati? Na kwa aliyewahi kutumia mojawapo karibu na bahari, hewa ya chumvi imeathiri vipi sensa za vibonyezo?