Fundi amenibadilishia keneli ya Linux (kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta) bila ruhusa, kisha akaifuta ya zamani!

Wanajukwaa, Ijumaa nilipeleka kompyuta ya nyumbani kwa fundi mmoja hapa Kisumu, upande wa Kondele, kwa shida moja tu: feni ilijaa vumbi na ilikuwa ikinguruma kama mashine ya kusagia mahindi. Nilipomlipa shilingi 800 na kuirudisha nyumbani, feni ilikuwa kimya kweli, lakini waifai nayo ilikuwa imenyamaza.

Niliandika uname -r, amri inayoonyesha toleo la keneli, na badala ya 5.15 niliyoizoea nikaona 6.8. Nilipompigia simu alinijibu, bila haya, kwamba amenisaidia kwa kuniwekea keneli mpya ya Linux kwa ajili ya usalama. Usalama gani? Toleo la 5.15, lililotoka Oktoba 2021, ni la kutunzwa kwa muda mrefu, kwa hiyo mianya huzibwa humo humo bila mtu kulazimika kuhamia namba nyingine, ilhali 6.8, iliyotoka Machi 2024, watunzaji wa Linux waliacha kuirekebisha Mei mwaka huo huo. Wapo waundaji wa mifumo wanaoendelea kuitunza wenyewe, lakini huyu hakuichukua kwao. Alipakua faili mtandaoni akaisakinisha kwa mkono, hivyo hakuna sasisho litakaloifikia. Amenitoa kwenye nyumba inayokarabatiwa akaniingiza kwenye gofu, na bado anangoja shukrani.

Kadi yangu ya waifai ni ya zamani na draiva yake (programu inayoiendesha) haimo ndani ya keneli. Huundwa upya kila keneli inapobadilika, na kazi hiyo huhitaji faili za heda za keneli ile ile, ambazo hakuziweka. Kuzipata kunahitaji intaneti, na intaneti ndiyo iliyokatika! Ilinibidi niunganishe simu kwa waya na kuteketeza bando la wiki nzima, huku nikiomba stima isipotee katikati ya kazi.

Hayo ningeyameza. Lisilomezeka ni kwamba aliifuta keneli ya zamani, eti kuokoa nafasi, wakati diski yangu ina zaidi ya gigabaiti 200 tupu na keneli moja haifiki hata gigabaiti moja. Keneli mbili hukaa pamoja bila kugombana. Ile mpya ikigoma, unawasha kompyuta upya, unabonyeza Shift au Esc, unachagua ya zamani kwenye menyu ya GRUB (programu inayowasha mfumo), na kazi inaendelea. Kinga hiyo ndiyo inayomwezesha mtu wa nyumbani kujaribu toleo jipya bila kutetemeka, na ndiyo aliyoitupa.

Mimi si adui wa keneli mpya. Ningekuwa nimenunua kifaa ambacho 5.15 haikitambui, ningehama mwenyewe, siku ya mapumziko, faili zangu zikiwa zimenakiliwa pembeni. Hii ni mashine ya mwaka 2014 ambayo haikuwa na tatizo lolote zaidi ya vumbi.

Nimeirudisha 5.15. Jumatatu naenda kwake na ujumbe wa M-Pesa wa lile bando. Feni nimelipia, bando atalipa yeye.