Ini limechanika, mbona hapasuliwi?

MamaTatu: Wadau, shemeji yangu kaanguka na bodaboda, usukani ukamkita mbavu za kulia. CT skani inaonyesha ini limechanika, damu imevuja tumboni. Daktari anasema alale tu, wamwangalie. Jamani, kweli?

Nesi_wodini: Kweli, dada. Presha ikitulia, mara nyingi ini hujiziba lenyewe. Ikishuka, mapigo yakaenda mbio, tumbo likakaza, hapo thieta: daktari hulibana ini kwa vitambaa damu ikome. Tafuteni wachangia damu sasa. Na dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki, hapana!

Kibabu: Akiruhusiwa, asipande boda wala kubeba gunia mpaka daktari aseme. Homa au macho ya njano, mrudisheni. Huenda nyongo inavuja.

MamaTatu: Asanteni. Mwenyewe anauliza chipsi, anatuchosha.