Sipi au Murchison, twende wapi wikendi?

Kijana_wa_Jinja: Wadau habari zenu. Mimi na washkaji zangu tunataka kuona maporomoko marefu ya maji hapa Uganda, bajeti ndogo na gari hatuna. Wengine wanasema Sipi kule Mlima Elgon, wengine Murchison ndo penyewe. Aliyefika kote atuambie.

MwanaMbale: Kama hamna gari jibu ni Sipi, hata msijisumbue. Mnapanda taksi (matatu) hadi Mbale, pale mnabadilisha mnachukua ya Kapchorwa, barabara ni lami mpaka juu na mnashuka Sipi senta yenyewe. Halafu jueni Sipi si poromoko moja, ni matatu, lile kubwa la chini linaanguka kama mita 100 na ndilo mnaloliona kwenye picha zote, ila mkiishia hapo mmejipunja kabisa, pandeni mpaka la katikati mpite nyuma ya maji kwenye pango, mnasimama mwamba uko mgongoni na maji yanashuka mbele ya uso kama pazia, nguo zinalowa lakini hutaki kuondoka.

Paraa_Boy: Urefu si kila kitu jamani. Murchison ni mita 43 tu lakini ni Nile nzima inabanwa kwenye mwanya wa mita kama 7, ukisimama juu pale unasikia mwamba unatetemeka chini ya miguu. Sipi ni nzuri, sikatai, ila nguvu ile haina.

MwanaMbale: @Paraa_Boy nguvu tunakubali kaka, ila mwenzetu hana gari. Murchison iko ndani ya hifadhi, atatembeaje mle? Na kiingilio cha hifadhi, na boti. Sipi yenyewe iko nje ya mpaka wa hifadhi ya Mlima Elgon, mnalipa mwongozaji wa kijijini na njia zinazopita kwenye mashamba ya watu, basi. Kiingilio cha hifadhi ni kama mnapanda mlima wenyewe kwenda kilele cha Wagagai.

Dada Kahawa: Naongezea. Chukueni mwongozaji wa palepale, njia zinapita katikati ya migomba na kahawa na zingine zina ngazi za mbao, mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza vibaya sana, sandozi acheni nyumbani. Kiangazi cha Desemba hadi Februari njia ni kavu ila maji yanapungua. Mimi napenda mvua zikiwa ndo zimeisha tu, maji bado mengi. Na msiondoke bila kunywa kahawa ya Wasabiny, wenyeji wa pale, wanakaanga mbele yenu, wanatwanga kwenye kinu, unakunywa ikiwa bado inanukia moshi.

Kijana_wa_Jinja: Asanteni sana, Sipi basi. Ile ya kushuka na kamba pembeni ya poromoko bado ipo?

MwanaMbale: Ipo, kwenye lile la mita 100. Ulizia ukifika, na kagua kamba na helmeti kabla hujalipa.